Rubani Aliyepita Juu ya Unguja

Muhula huu, katika mdahalo wa shule yetu, hoja ilikuwa kwamba siku hizi mashine imekwisha kumshinda mtu. Mimi nilisemea upande wa kupinga, nasi tulishindwa kwa kura nyingi. Nilipewa dakika 3 tu, na mfano niliokuwa nao haukuweza kuenea katika muda huo. Kwa hiyo nimemwomba mhariri nafasi hapa nipate kuueleza sawasawa. Mfano wenyewe ni maisha ya John Glenn, rubani wa vita aliyekuwa mwanaanga.

Glenn alizaliwa tarehe 18 Julai 1921 katika jimbo la Ohio, Marekani, akakulia katika mji mdogo wa New Concord. Baba yake alikuwa fundi wa mabomba ya maji. Alikuwa akisoma chuoni wakati Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 aliacha masomo akaenda kujifunza urubani, kisha akawa ofisa katika kikosi cha Marine. Katika vita hivyo aliruka mara 59 kwenda kupigana, na katika vita vya Korea mara 90. Zaidi ya mara moja alirudi na ndege iliyotobolewa vibaya kwa risasi.

Baada ya Korea akawa rubani wa majaribio. Kazi hii yataka kuelezwa, maana ndiyo iliyompeleka angani. Rubani wa majaribio huirusha ndege mpya ambayo tabia yake haijajulikana. Huiendesha mpaka kikomo cha uwezo wake, kisha hurudi kuwaeleza mafundi kasoro zake. Haitoshi awe shujaa. Hana budi kutazama, kukumbuka na kusema kweli, hata mambo yanapomwendea kombo. Mwezi wa Julai 1957 Glenn aliruka toka California hadi New York kwa saa 3 na dakika 23, na mwendo wake wa wastani ulipita mwendo wa sauti.

Basi Marekani ilipotafuta watu wa kwanza wa kupeleka angani, iliwatafuta miongoni mwa marubani wa namna hiyo. Masharti yalikuwa magumu: umri chini ya miaka 40, kuruka saa zisizopungua 1,500, na urefu usiopita futi 5 na inchi 11, kwa kuwa chombo chenyewe kilikuwa kidogo sana. Mwezi wa Aprili 1959 walichaguliwa watu 7, na Glenn ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri. Warusi nao walifanya vivyo hivyo. Yuri Gagarin, aliyeizunguka dunia wa kwanza tarehe 12 Aprili 1961, alikuwa rubani wa jeshi.

Zamu ya Glenn haikuja upesi. Wenzake wawili walimtangulia, ingawa wao walipanda na kushuka tu bila kuizunguka dunia. Safari yake iliahirishwa mara nyingi. Tarehe 27 Januari 1962 alikaa ndani ya chombo zaidi ya saa 5, kisha akaambiwa ashuke kwa sababu ya mawingu. Kabla ya safari, hesabu za njia yake zilifanywa na kompyuta. Glenn aliomba hesabu hizo zipitiwe upya na Bibi Katherine Johnson, mwanahisabati Mmarekani mweusi. Bibi huyo alizifanya kwa mkono wake mwenyewe, akaziona ni sahihi, na rubani akaridhika.

Aliruka tarehe 20 Februari 1962, na hapa kisa kinafika kwetu Afrika Mashariki. Mawimbi ya redio ya namna ile huenda moja kwa moja, na dunia ni mviringo. Kwa hiyo kituo kimoja huweza kuzungumza na chombo kwa dakika chache tu kabla hakijatoweka. Ilibidi kuweka vituo 18 kuizunguka dunia, viwili vikiwa juu ya meli, ili kimoja kimpokee mtu pale kingine kinapomwacha. Kimoja kilikuwa Unguja, mahali paitwapo Tunguu. Wako wananchi waliokihofia wakidhani ni cha makombora, lakini hakikuwa na roketi hata moja. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kusema. Kama nusu saa baada ya kuruka, kwetu ikiwa jioni, Glenn alipita juu ya Unguja akizungumza na Tunguu, na daktari kituoni akapokea habari za moyo wake na damu yake. Kisha akaingia katika usiku juu ya Bahari ya Hindi. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi.

Mwishoni mwa mzunguko wa kwanza, mtambo uliokiweka chombo sawa ulianza kuharibika, nacho kikawa chaenda upande. Glenn akakishika kwa mkono.

Ndipo likaja jambo baya zaidi. Chombo kinaporudi kwa mwendo wa kilometa 28,000 kwa saa, hewa iliyo mbele yake hugandamizwa na kuwaka. Ngao iliyo chini ya chombo huungua kidogo kidogo ikiondoka na joto hilo. Ngao ikilegea, mtu huungua. Sasa mtambo ulionyesha kwamba ngao ya Glenn imelegea! Wakuu wa safari wakaamua roketi ndogo za kupunguza mwendo, zilizofungwa kwa mikanda juu ya ngao, zisiachiwe kama ilivyokuwa desturi, ili mikanda hiyo ishikilie ngao. Lakini kwa muda mrefu walimficha sababu, wakimwuliza maswali ya kuzungukazunguka. Alielezwa wakati wa kuingia motoni umekwisha kufika.

Aliona vipande vinavyowaka vikipita dirishani, asijue kama ni vya roketi au ni ngao yenyewe inayovunjika. Akaendelea kuongoza chombo. Baada ya saa 4 na dakika 55, akiwa ameizunguka dunia mara 3, alitua salama katika bahari ya Atlantiki. Ngao haikuwa imelegea hata kidogo. Kilichokosea ni swichi. Baadaye Glenn alisema wazi kwamba rubani yapasa aelezwe hali ya chombo chake, hata ikiwa mbaya.

Glenn alikuwa seneta wa Ohio kwa miaka 24. Mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 77, alirudi angani katika chombo cha Discovery. Alifariki tarehe 8 Desemba 2016.

Sitaki kuwadhulumu walionishinda. Bila mashine Glenn asingalifika juu. Lakini siku ile mashine moja iliharibika na nyingine ikasema uwongo, na mtu aliyezoea kazi yake akarudi nyumbani. Mdahalo ule ukirudiwa, nitaomba dakika 5.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne