Kadi, Karata na Karatasi: Maana na Matumizi ya Nomino ya Kiingereza 'card' katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi nomino ya Kiingereza card ilivyopokelewa katika Kiswahili, maana ambazo Kiswahili kimezichukua, zile kilichoziacha, na zile kilichozizalisha chenyewe. Aghalabu maneno ya mkopo hutajwa katika mijadala yetu kama orodha: neno la kigeni upande mmoja, neno la Kiswahili upande wa pili, kana kwamba mkopo ni kuhamisha mzigo kutoka ghala moja hadi jingine. Tutajaribu kuonyesha kwamba kadi si tafsiri ya card, bali ni neno la Kiswahili lenye mipaka yake.

Suala hili lina uzito nje ya darasa pia. Tuchukue mahali kama Zagayu, kata iliyokuwa katika Wilaya ya Bariadi na ambayo, baada ya Mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012, imo katika Wilaya ya Itilima. Huko lugha ya nyumbani ni Kisukuma, na Kiswahili ni lugha ya shule, zahanati, mkutano wa hadhara na tangazo la serikali. Tangazo likisema "kila mtu afike na kadi yake", msikilizaji anapaswa kuamua ni kadi ipi: ya chama, ya kliniki, ya bima, ya mpiga kura, au ya pikipiki. Anayekosea kuchagua hurudi nyumbani bila huduma. Kwa hiyo polisemia ya neno hili ina gharama, na gharama hiyo hulipwa na msikilizaji.

2.0 Maneno mawili katika umbo moja

Kabla ya kutazama Kiswahili, ni lazima tutenganishe maneno mawili ya Kiingereza yanayoandikwa na kutamkwa sawa. La kwanza lina maana ya kipande cha karatasi ngumu. Hilo lilitoka katika Kifaransa carte, ambalo asili yake ni Kilatini charta, na nyuma yake Kigiriki khartes, yaani jani la mafunjo. La pili ni jina la chombo chenye meno cha kuchana sufu au pamba kabla ya kusokotwa nyuzi, na pia ni kitenzi cha kazi hiyo. Asili yake huhusishwa na Kilatini carduus, mmea wa miiba ambao vichwa vyake vilitumika kuchania sufu. Hii ni homonimia, si polisemia: hakuna uhusiano wa maana baina ya maneno hayo mawili.

Kiswahili kilichukua la kwanza na kuliacha la pili. Jambo hili linastahili kuangaliwa katika eneo la pamba kama Bariadi. Pamba ya mkulima hupelekwa kiwandani kuchambuliwa, yaani kutenganishwa na mbegu. Kitenzi chambua ni cha Kiswahili na kinatosha. Kazi ya kuchana nyuzi hufanyika baadaye, katika viwanda vya kusokota na kufuma, mbali na shamba, kwa hiyo neno lake halikuwahi kuhitajika katika mazungumzo ya wakulima. Mfasiri wa kitabu cha ufundi ambaye, kwa kuona umbo tu, ataiita mashine hiyo "mashine ya kadi" atakuwa amemfanya msomaji afikirie mashine ya kuchapisha vyeti. Mashine ya kuchana nyuzi ni istilahi iliyo wazi.

3.0 Mzizi mmoja, milango mitatu

Neno khartes la Kigiriki liliingia katika Kiswahili zaidi ya mara moja, kwa kupitia lugha tofauti na katika nyakati tofauti.

(a) Kwa kupitia Kiarabu qirtas (neno ambalo limo katika Qurani, sura ya sita) tulipata karatasi. Hii ni malighafi yenyewe ya kuandikia.

(b) Kwa kupitia Kireno carta tulipata karata, za kuchezea. Karata haikuja peke yake. Ilifuatana na jamii yake yote: kopa, uru, shupaza, pau na turufu, maneno ambayo yote yana asili ya Kireno.

(c) Kwa kupitia Kiingereza tulipata kadi.

Kutoka mzizi huohuo, na kwa mlango huohuo wa Kiingereza, tumepata pia chati, katoni na katuni. Mawili ya mwisho yalitoka katika neno moja la Kiitaliano, cartone, lenye maana ya karatasi nene: moja likawa jina la boksi, jingine jina la mchoro.

Matokeo ya historia hii ni kwamba kadi ilipowasili ilikuta nafasi mbili zimekwisha kushikwa. Mwingereza hutumia neno moja kwa kitu cha kuchezea na kitu cha uanachama, Mswahili hawezi. Hata sitiari zimegawanyika. Mwanasiasa anayepanga mambo yake kwa werevu husemwa kwamba amechanga vyema karata zake, wala si kadi zake. Anayehama chama hurudisha kadi, wala si karata. Karata imebaki katika uwanja wa bahati na hila. Kadi imebaki katika uwanja wa haki na utambulisho.

4.0 Umbo na ngeli

Umbo la kadi linathibitisha kwamba neno hili lilipokelewa kwa sikio. Sauti /r/ iliyo katika maandishi ya Kiingereza haisikiki katika matamshi ya Uingereza ya kusini, na haimo katika kadi, kama isivyokuwamo katika shati, bodi na fomu. Linganisha na karata, ambamo /r/ ya Kireno imehifadhiwa na mfuatano wa konsonanti umevunjwa kwa irabu. Irabu ya mwisho nayo inafuata mwelekeo wa kawaida wa utohozi: baada ya konsonanti ya ufizi huongezwa -i (shati, bodi, tiketi), na baada ya konsonanti ya midomo huongezwa -u (stempu, fomu, klabu). Katika sintaksia, kadi imeingia katika ngeli ya I-/ZI-: kadi hii, kadi hizi. Umbo makadi husikika pia, hasa pale msemaji anapotaka kuonyesha wingi unaochosha au dharau.

5.0 Maana za kadi katika Kiswahili cha Tanzania

5.1 Uanachama wa kisiasa. Kwa wasemaji wengi hii ndiyo maana inayokuja kwanza neno linapotumika bila kivumishi. TANU iliyoundwa mwaka 1954, na CCM iliyotokana na kuungana kwa TANU na ASP tarehe 5 Februari 1977, zilikifanya kipande hiki cha karatasi kuwa alama ya kujiunga. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, neno lilizaa vitenzi vyake: kuchukua kadi ni kujiunga, kurudisha kadi ni kujitoa, na kuchoma kadi ni kujitoa kwa hasira. Katika jimbo la zamani la Bariadi Mashariki, ambako John Cheyo wa UDP alikuwa mbunge kuanzia mwaka 2005 hadi 2015, swali "una kadi?" lilikuwa swali lenye majibu zaidi ya moja.

5.2 Afya. Kadi ya kliniki ya mtoto huandikwa uzito na chanjo, na kadi ya mjamzito huandikwa mahudhurio. Hapa kadi ni kumbukumbu inayokua. Aina nyingine ni ya malipo ya kabla: Mfuko wa Afya ya Jamii, uliowekewa sheria mwaka 2001, ulitumia kadi ya kaya, na mpango wa mijini ukaitwa Tiba kwa Kadi. Katika jina hilo kadi inasimama badala ya fedha.

5.3 Mali na fedha. Kadi ya gari au ya pikipiki huthibitisha usajili na kwa kawaida huwekwa rehani mtu anapokopa. Kuishika ni kama kukishika chombo chenyewe. Kadi ya benki huchukua fedha mashineni.

5.4 Sherehe. Kadi ya mwaliko humruhusu mtu kuingia. Kadi ya mchango humtaka atoe kwanza. Anayesema "mwezi huu nimeletewa kadi tatu" hasemi amealikwa, bali amebanwa.

5.5 Michezo. Kadi ya njano na nyekundu zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 huko Meksiko. Waandishi wetu wa michezo huandika kwamba mchezaji amelimwa kadi. Maana hii inapindua zote zilizotangulia: kadi inaonyeshwa na mwenye mamlaka, si na mwenye haki, na badala ya kuingiza inatoa nje.

6.0 Kadi na majirani zake

Ili kuupata mpaka wa neno, tulipime na maneno yaliyo jirani. Cheti huthibitisha jambo lililokwisha kutokea: kuzaliwa, ndoa, kuhitimu. Stakabadhi, kama ile anayopewa muuza pamba, hufunga muamala mmoja. Leseni huruhusu shughuli. Kitambulisho hueleza mwenye nacho ni nani. Kadi, kwa kawaida, hueleza uhusiano unaoendelea baina ya mtu na taasisi, na hufanya kazi pale tu inapotolewa na kuonyeshwa. Ndiyo maana tunasema cheti cha kuzaliwa lakini kadi ya chanjo, japo vyote viwili huhusu mtoto mmoja na mara nyingine hutunzwa katika mfuko mmoja.

Mipaka hii si kuta. Kadi ya gari ingeweza kuitwa hati, na kadi ya mpiga kura imewahi kuitwa shahada ya kupigia kura. Pale jina linapoyumba ndipo hatari ya kuchanganya inapozidi: mpiga kura mwenye kadi ya chama na kadi ya kupigia kura anazo mbili zenye jina moja, na moja tu ndiyo inayotakiwa kituoni.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili kilipokea nusu ya homonimu ya Kiingereza, kikakuta sehemu ya maana imekwisha kushikwa na karata na karatasi, kisha kikaipanua sehemu iliyobaki kwa mujibu wa historia ya jamii yake. Kwa mwanaleksikografia, hii ina maana kwamba kidahizo kadi kinastahili maana zilizopangwa kwa kazi yake, pamoja na misemo kurudisha kadi na kulimwa kadi, badala ya kisawe kimoja cha Kiingereza. Kwa mwandishi wa matangazo ya umma, funzo ni fupi zaidi: neno kadi lisiachwe bila kivumishi. "Njoo na kadi ya kliniki ya mtoto" huongeza maneno manne tu, na humwokolea mama safari ya pili.