Kingamwili, Seli za Kinga na Minyoo: Funzo la Kyela kuhusu Maambukizi ya VVU

Wagonjwa wengi huuliza: ikiwa kipimo cha VVU kimeonyesha kwamba damu ina kingamwili, kwa nini majibu hayo yahesabiwe kuwa ya maambukizi na si ya kinga? Swali hili ni la msingi, na jibu lake linatusaidia kuelewa utafiti muhimu uliofanyika Nyanda za Juu Kusini.

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na seli B, mojawapo ya aina za seli nyeupe za damu. Kila kingamwili hutambua umbo mahususi la kimelea na kukinasa. Kwa ugonjwa kama surua, mtu akishapona, kinga hiyo humlinda kwa kawaida maisha yake yote. VVU ni tofauti. Virusi hivi hubadilisha umbo lao kwa kasi, kiasi kwamba kingamwili za jana hazivitambui vya leo. Kwa hiyo kingamwili hubaki kuwa alama kwamba virusi vimeingia mwilini, wala si ushahidi kwamba vimeshindwa. Tena, huchukua wiki kadhaa kuonekana. Ndiyo maana mtu aliyejihatarisha hivi karibuni hushauriwa kurudia kipimo.

Upande wa pili wa kinga ni seli T. Miongoni mwao, seli za CD4 huratibu kazi ya seli nyingine, nazo ndizo VVU huzitumia kama mlango. Lakini mlango huo hauko wazi sawasawa wakati wote. Seli ya CD4 iliyotulia ni ngumu kuambukizwa. Iliyoamshwa ili kupambana na kimelea huambukizwa kwa urahisi zaidi, na virusi huzaliana ndani yake kwa wingi. Hivyo maambukizi ya muda mrefu yanayoziweka seli hizi katika hali ya tahadhari bila kupumzika yanaweza kumwongezea mtu hatari.

Wilaya ya Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ilitoa nafasi ya kulichunguza jambo hili. Eneo hilo la joto na mvua nyingi lina mbu wanaoeneza minyoo ya matende na mabusha. Watafiti wa kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) mkoani Mbeya na wenzao wa Ujerumani walikuwa wamewafuatilia wakazi kati ya mwaka 2006 na 2011 na kuhifadhi sampuli za damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet. Kwa kila watu 100 wenye minyoo hiyo waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 1.91, kwa wasio na minyoo yalikuwa 0.80. Tofauti hiyo ya zaidi ya mara mbili ilibaki hata baada ya kuzingatia umri na tabia za kujamiiana, na ilikuwa kubwa zaidi kwa vijana.

Maabara nayo ilikuwa imeanza kutoa maelezo. Mwaka 2014, Mkunde Chachage na wenzake walichapisha utafiti wa Mbeya ulioonyesha kwamba baadhi ya minyoo ya tumbo huambatana na ongezeko la seli T zilizoamshwa, na kwamba dalili za kuamshwa huko zilipungua baada ya matibabu. Utafiti uliofuata ulikuta seli zilizoamshwa kwa wingi pia kwa watu wenye minyoo ya matende.

Hata hivyo, tusivuke mipaka ya ushahidi. Uhusiano haujathibitisha kwamba minyoo ndiyo chanzo, wala kwamba kutibu minyoo huzuia VVU. Iringa na Njombe, ambako sehemu kubwa ni nyanda zenye baridi, zilikuwa na kiwango cha VVU cha zaidi ya asilimia 11 kwa watu wazima katika utafiti wa kitaifa wa 2016–2017, juu ya kile cha Mbeya. Funzo la Kyela peke yake haliwezi kueleza hali hiyo.

Mhudumu wa afya, usilitazame busha au tende kama tatizo la nje ya huduma ya VVU: mpe mgonjwa ushauri na kipimo. Nawe mwananchi, umeze dawa za matende na mabusha kila zinapogawiwa, hata kama huna uvimbe, kwani minyoo hukaa mwilini miaka mingi na dozi moja haitoshi. Mjamzito, mtoto mdogo na mgonjwa mahututi wasimeze bila ushauri wa mtaalamu. Kondomu, dawa kinga kwa walio katika hatari, na dawa za kufubaza VVU kwa wanaoishi navyo zibaki kuwa ngao kuu. Kutibu minyoo kusichukue nafasi ya lolote kati ya hayo.