Wanyama Wakizidi Shambani: Kwa Nini Kaunti Haiwezi Kuwaita Wawindaji

Mahindi yanapokaribia kukomaa, wakulima wanaopakana na Hifadhi ya Kitaifa ya Shimba Hills hukosa usingizi. Mchana hufukuza nyani, usiku hukesha kwa hofu ya ndovu. Ndipo swali huzuka barazani: ikiwa wanyama wamezidi, na kuna watalii wanaolipa pesa nyingi kuwinda kwa kujifurahisha, mbona Serikali ya Kaunti isiwape vibali wawapunguze?

Sheria inasemaje?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikapiga marufuku biashara ya nyara kama vile pembe na ngozi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inasema wazi kuwa kuwinda kwa michezo au burudani ni kosa la jinai. Aidha, Katiba imeweka ulinzi wa wanyamapori chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo gavana, mbunge wa kaunti au chifu hawana uwezo wa kutoa kibali cha kuwinda.

Mbona kwingine wanawinda?

Nchini Marekani, mbwa mwitu na wanyama wengine waliokuwa wakila kulungu waliangamizwa katika maeneo mengi, na kulungu wakaongezeka kupita kiasi. Idara za wanyamapori za majimbo huamua ni wangapi wapunguzwe, kisha huuza vibali kwa wawindaji. Lakini ili idadi ishuke, ni lazima majike wauawe, kwa kuwa ndio wanaozaa.

Mtalii anayewinda ili apate nyara hutafuta dume lenye pembe kubwa. Dume mmoja akiondoka, mwingine huwapanda majike waliobaki, na kizazi huendelea kama kawaida. Nchi inayoruhusu uwindaji huo, kama Tanzania, hupata mapato, lakini mapato si sawa na kupunguza idadi ya wanyama. Mkulima anayevamiwa na nyani asingepata nafuu, kwa sababu mgeni huyo hakuja kutafuta nyani.

Nani hushughulikia wanyama waliozidi?

Kazi hiyo ni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mojawapo ya mbinu zake ni kuwahamisha. Mwaka 2005, takriban ndovu 150 walihamishwa kutoka Shimba Hills hadi Tsavo Mashariki. Mwaka 2024, ndovu wapatao 50 walitolewa Hifadhi ya Mwea, iliyokuwa na ndovu 156 ilhali uwezo wake ni 50, wakapelekwa Aberdare. Mbinu nyingine ni ua wa umeme, ambao unafaa tu ukitunzwa. Anayekata waya ili apitishe mifugo au kuni huwafungulia ndovu njia ya kuingia shambani mwa jirani.

Mkazi afanye nini?

Asitege waya wala kuweka sumu. Mbali na kuwa kosa, sumu haichagui: hudhuru pia mbwa, mifugo na hata watoto.

Akivamiwa, apige ripoti mapema katika kituo cha KWS kilicho karibu, kabla nyayo na alama nyingine hazijafutika. Apige picha, kisha amwite afisa wa kilimo akadirie hasara. Madai hupitia kamati ya wanyamapori iliyo katika kaunti. Sheria imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha linaloleta ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Hasara ya mazao na mifugo hukadiriwa kwa bei ya soko.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, fidia hulipwa tu kwa wanyama waliotajwa katika Jedwali la Tatu la sheria hiyo. Ndovu, nyati na kiboko wamo, lakini si kila mharibifu amo, hivyo ni vyema kuuliza KWS mapema. Pili, mkulima ambaye hakuchukua hatua za kutosha kulinda mali yake anaweza kunyimwa fidia. Ua, ulinzi wa zamu kati ya majirani na zizi imara ni kinga ya shamba leo, na ni ushahidi wa mkulima kesho mbele ya kamati.