Kubemenda: Lawama Isiyo na Haki

Mjukuu wangu alipotimia miezi 9 alianza kukonda. Miguu ilisinyaa, hata kutambaa akaacha. Akina nyanya waliokuja kumtazama walinong'onezana neno moja tu: amebemendwa.

Msomaji wa Pwani hahitaji kufasiriwa. Maana yake ni kuwa wazazi hawakujizuia kukutana mtoto angali akinyonya, na ziwa likaharibika. Mkazamwana wangu aliinamisha kichwa. Kwa aibu hakwenda zahanati, na kwa kuliogopa ziwa lake akakaribia kumlikiza mtoto kabisa. Nami niliyesoma chuoni nikanyamaza.

Kumbe jambo hili lina jibu la zamani. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Judama binti Wahb kwamba Mtume (S.A.W.) alikusudia kuwakataza watu kukutana na wake wanaonyonyesha, kisha akawaangalia Warumi na Waajemi, akaona wao hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki.

Basi kilichomkondesha ni nini? Tulipompeleka kupimwa, muuguzi aliuliza swali ambalo sisi hatukuliuliza: anakula nini? Jibu lilikuwa uji mwepesi wa mahindi, asubuhi na jioni.

Ziwa la mama peke yake, hata maji yasiongezwe, lamtosha mtoto miezi 6 ya mwanzo. Baada ya hapo mwili wake wataka zaidi, na ziwa haliachwi. Uji uwe mzito, usiotiririka kijikoni, utiwe maziwa au karanga zilizosagwa. Apondewe samaki aliyetolewa miba, kunde, yai, boga na papai. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo afikapo miezi 9 alishwe mara 3 au 4 kwa siku.

Aya ya 233 ya Suratul Baqara yataja miaka 2 kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha, na yamwajibisha baba chakula na mavazi ya mama. Kumlikiza mtoto kabla ya hapo ni kwa wazazi wawili kuridhiana na kushauriana. Majirani hawakutajwa.

Mjukuu wangu aliendelea kunyonya, akalishwa vyema, na mstari wa kadi yake ukapanda. Sasa anakimbia uani. Lakini wale waliomtia mamake aibuni, hakuna hata mmoja aliyemwomba radhi. Naanza mimi, kwa kuwa siku ile nilijua na sikusema.