WATALII WALIPOPOTEA: NANI ALISAIDIWA KUFUNGUA TENA?

Mwaka huu nimeamua kuandika juu ya uchumi, na najua wengi wenu mkisikia neno hilo mnafunua haraka mkatafute ukurasa wa mashairi. Ngojeni kidogo, mashairi hayakimbii. Ninataka kueleza jinsi biashara ya utalii ilivyoanguka wakati wa korona, jinsi ilivyosaidiwa kuinuka, na kwa nini msaada ule uliwafikia wengine ukawapita wengine, hasa sisi wa Mukuru kwa Njenga.

Huenda mtu akauliza: Mukuru na utalii, wapi na wapi? Kwetu hakuna simba wala ufuo wa bahari. Mtalii tunamwona tumbo la ndege tu, ikipita juu ya mabati kuelekea uwanja wa Jomo Kenyatta. Lakini hebu tuifuate shilingi ya mtalii huyo. Anatua uwanjani, na sakafu anayoikanyaga imedekiwa na mtu aliyetoka Pipeline au Mukuru saa kumi alfajiri. Analala hotelini, na shuka zake zimefuliwa na kijana anayepanga chumba kimoja huku kwetu. Asubuhi anaenda Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ambayo ni kongwe kuliko mbuga zote za taifa nchini, kwani ilianzishwa mwaka 1946. Jioni anapitia Soko la Wamaasai kununua bangili ya shanga. Na hapa, jamani, niwafunulie siri: si kila bangili ya Soko la Wamaasai imetungwa na Mmaasai. Nyingine zimetungwa Mukuru, juu ya kitanda, taa ya stima ikizimazima. Mama yangu ni mmoja wa kina mama hao. Huletewa oda na broka, hutunga kwa wiki mbili au tatu, broka huzichukua, na pesa huja zikishauzwa. Kumbukeni huo mpangilio wa pesa kuja baadaye, maana ndio kiini cha maneno yangu.

Ijumaa tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Siku mbili baadaye shule ziliamriwa zifungwe. Sisi tuliokuwa darasa la tano tulikaa nyumbani hadi Januari 2021. Tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa, tarehe 27 kafyu ikaanza, na tarehe 6 Aprili jiji la Nairobi likafungwa, hapana kutoka wala kuingia. Wakazi wa Mukuru watakumbuka jinsi anga ilivyonyamaza. Tumezoea mazungumzo yetu kukatizwa na ndege. Ghafla tukawa tunamaliza sentensi zetu.

Mwaka 2019 wageni zaidi ya milioni 2 walikuja Kenya. Mwaka 2020 hawakufika laki 6, na sehemu kubwa ya hao walikuwa wamekuja kabla ya milango kufungwa. Hoteli kubwa hazikuponea. Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904, iliwapa wafanyakazi wake barua za kuachishwa kazi mwezi Mei, nayo InterContinental pale mjini ikafunga mwaka uo huo. Ikiwa miti mikubwa iliangushwa na upepo, nyasi zilikuwaje?

Tarehe 23 Mei 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kuinua uchumi wenye mambo manane na gharama ya Sh53.7 bilioni. Katika fedha hizo, Sh2 bilioni zilitengwa ziwe mikopo nafuu kwa hoteli na biashara za aina hiyo, kupitia shirika la serikali la kufadhili utalii, ili zikarabati majengo na kupanga upya shughuli zao. Sh1 bilioni zilikuwa za kuajiri walinzi 5,500 wa wanyama kutoka katika jamii, chini ya shirika la KWS, na Sh1 bilioni nyingine zikaenda kwa hifadhi 160 za jamii.

Tusikimbilie kulaumu. Mpango huu ulikuwa na akili. Hoteli iliyofungwa haiachi kula pesa. Askari wa lango anataka mshahara, stima inaendelea kuhesabu, bwawa la kuogelea linageuka kijani, godoro linashika unyevu. Siku ya kufungua, huwezi kuzungusha ufunguo tu ukaita wateja. Katika korona ilibidi pia kupanga meza mbalimbali, kuweka vituo vya kunawa mikono na kuwafundisha wafanyakazi upya. Mgeni naye alitaka kuhakikishiwa kwamba harudi kwao na ugonjwa, ndiyo maana Kenya iliandika kanuni za afya za utalii na kupata ruhusa ya kutumia muhuri wa usafiri salama wa Baraza la Dunia la Usafiri na Utalii mwezi Julai 2020. Na wale walinzi wa wanyama? Pesa za kulinda mbuga hutoka kwa kiasi kikubwa langoni. Pasipo magari ya watalii hakuna ada, pasipo ada hakuna doria, na jangili hajui kafyu. Vivyo hivyo kule Mara, wenye mashamba hukodisha ardhi yao kwa kambi za watalii badala ya kuilima au kuizungushia seng'enge. Kodi isipolipwa, seng'enge hurudi, na siku mtalii atakapokuja hatamkuta nyumbu.

Kwa hivyo juu palishikwa, na porini palishikwa. Swali langu ni juu ya katikati, yaani yule afuaye, atungaye, achongaye.

Mkopo, hata uwe nafuu namna gani, humtaka mtu mwenye biashara iliyosajiliwa, vitabu vya hesabu na kitu cha kuweka rehani. Mama wa shanga hana hata kimoja. Nyumba anayokaa ni ya kupanga, na ardhi iliyo chini ya nyumba ina ugomvi wa miaka mingi. Ni hali hii, pamoja na ukosefu wa maji na barabara, iliyofanya Kaunti ya Nairobi itangaze Mukuru kuwa eneo maalum la mipango mwaka 2017. Hati ya kumiliki utaitoa wapi? Serikali pia iliondoa kodi ya mapato kwa wanaolipwa hadi Sh24,000 kwa mwezi, ikapunguza VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Vizuri. Lakini aliyefutwa kazi hana mshahara wa kupunguziwa kodi!

Haki isemwe, Mukuru haikusahaulika kabisa. Kazi Mtaani ilianza katika mitaa ya mabanda, Mukuru ikiwamo, na vijana wakalipwa kwa siku kufagia na kuzibua mitaro. Awamu ya pili, iliyoanza Julai 2020, ililenga vijana zaidi ya 270,000 nchini. Niliwaona mafundi wa bangili za mifupa wakishika sepeto. Walipata unga. Lakini mashine zao za kung'arishia mifupa zilibaki zimefunikwa gunia. Kumpa mtu chakula ni jambo moja, kuifungua biashara yake ni jingine, na nadhani watu wengi huyachanganya haya mawili.

Basi biashara ndogo zilifunguliwaje? Kwa ninavyoona mimi, kilichofanya kazi kubwa ni mteja. Tarehe 6 Julai 2020 Rais alitangaza kufunguliwa kwa Nairobi. Treni ya Madaraka ilianza tena tarehe 13 kutoka Syokimau kwenda Mombasa, ndege za humu nchini zikaruka tarehe 15, na za ng'ambo tarehe 1 Agosti. KWS ilipunguza ada za kuingia mbugani kuanzia Julai 2020 kwa mwaka mmoja. Hoteli za Pwani, ambazo zamani zilimtazama Mkenya kama aliyepotea njia, zikaanza kumbembeleza kwa bei ya chini. Mzungu hakuwapo, Mkenya akawa mtalii.

Na Mkenya hanunui anachonunua Mzungu. Hilo ndilo somo ambalo kina mama wa kwetu walilipata bila mwalimu. Mkufu mpana wa shingo uliokuwa ukienda ng'ambo haukuwa na mtu. Lakini bangili ya rangi za bendera, kishikio cha ufunguo chenye jina la mtu, kandambili zilizopambwa, mapambo ya harusi ya kitamaduni, hivyo vilinunuliwa. Shanga zilezile, uzi uleule, bei ndogo zaidi. Mtaji ulitoka katika chama chao cha merigoraundi, ambacho kiliacha kumpa mmoja pesa zote kwa zamu, kikawa kinampa kila mwanachama kidogo cha kununulia shanga. Mikopo ya simu ilikuwapo pia, lakini waliikwepa, na nadhani walifanya vyema: mkopo usio na mteja ni kitanzi. Hata Hazina ya Hasla, iliyoanzishwa Novemba 2022 na kuanza kukopesha kuanzia Sh500 bila kudai hati ya shamba, humfaa mtu ambaye tayari ana wa kumuuzia.

Sasa narudi kwa zile pesa za kuja baadaye. Korona ilipoingia, karibu kila mtungaji mtaani kwetu alikuwa akidai. Mama alikuwa amekabidhi mishipi 60 mwezi Februari. Broka alisema duka halijamlipa, duka likasema wageni wamekatiza safari. Pengine wote walisema kweli. Lakini tazameni deni lilivyoshuka ngazi kwa ngazi hadi likamfikia asiye na wa kumshukia.

Serikali yenyewe ililielewa jambo hili kwa upande wake. Katika mpango ule wa Mei ilitenga Sh10 bilioni za kuharakisha marejesho ya VAT na malipo mengine ambayo biashara ndogo zilikuwa zikiidai, maana ilijua kwamba kumlipa mtu haki yake ni msaada wa haraka kuliko kumkopesha. Basi ikiwa siku nyingine litazuka gonjwa kama lile, kwa nini hoteli au duka linalopewa mkopo nafuu lisiwekewe sharti la kuwalipa kwanza wanaolidai, kabla ya rangi mpya na viti vipya? Dobi akilipwa atanunua sabuni, mchongaji atanunua mbao, mama atanunua shanga. Kila mmoja atafungua mlango wake bila kujaza fomu yoyote. Kujua anayedai ni nani si kazi ngumu, kwani kila broka ana daftari.

Watalii wamerudi. Mwaka 2024 walikuja takriban milioni 2.4, wengi kuliko kabla ya korona, na ndege zinatukatiza maneno kama kawaida. Chama cha kina mama nacho kimebadilisha masharti: oda yoyote sharti ije na nusu ya malipo, na nusu ya pili itolewe mzigo ukichukuliwa. Mabroka watatu walicheka wakaenda zao. Wawili walikubali, na mmoja wao alileta oda ya mikufu Jumatatu iliyopita.