Skrini Imegoma? Fanya Majaribio Haya Kabla ya Kumtumia Fundi Pesa

Umechomeka laptopu kwenye skrini kubwa ya duka, wateja wameanza kupanga laini, na skrini inakujibu kwa maneno mawili tu: "No Signal". Ama picha inakuja lakini inapepesa. Ama kila kitu kimegeuka rangi ya waridi. Wazo la kwanza ni kumpigia fundi. La pili ni kile utakachoambiwa kwa simu: "Hiyo skrini imekufa, nitumie pesa nikutafutie nyingine."

Pole pole hapo. Kazi yetu ni kukusaidia kutuma pesa, lakini pia kukusaidia usizitume bure. Picha unayoiona kwenye skrini ya nje inategemea vitu vinne: laptopu, mipangilio na programu zilizo ndani yake, kebo, na skrini yenyewe. Skrini ndiyo ya bei ghali, na ndiyo hulaumiwa kwanza. Kumbe mara nyingi shida ni kebo, ama mpangilio ambao kuubadilisha hakugharimu hata bob moja.

Majaribio haya ni ya laptopu za Windows, ambazo ndizo nyingi kwenye saiba, maduka na ofisi zetu. Yafanye kwa mpangilio huu, kuanzia yale ya bure.

1. Muulize skrini yenyewe

Kila monita ina vitufe vya kufungua menyu yake, ile ya mwangaza na rangi. Menyu hiyo haitoki kwenye laptopu. Inatengenezwa ndani ya monita. Ndiyo maana ni shahidi mzuri sana.

Picha ikianza kusumbua, fungua menyu hiyo uitazame. Kama menyu iko safi lakini picha iliyo nyuma yake inapepesa, kioo cha skrini kiko sawa. Tafuta shida kwenye kebo au laptopu. Lakini kama mistari inapita hadi juu ya menyu, au menyu nayo inapepesa, basi shida iko kwenye skrini yenyewe au umeme wake. Hapo fundi ana kazi ya haki.

Ukiwa kwenye vitufe hivyo, tafuta kilichoandikwa "Source" au "Input". Monita yenye matundu mawili inaweza kuwa inangoja picha kwenye VGA wakati wewe umechomeka HDMI. Itaandika "No Signal" hadi jioni, na hakuna kilichoharibika.

2. Bonyeza Windows na P

Shikilia kitufe cha Windows kisha bonyeza P. Utaona chaguo nne:

- "PC screen only": picha inabaki kwenye laptopu peke yake.
- "Duplicate": skrini zote mbili zinaonyesha kitu kimoja.
- "Extend": skrini ya pili inakuwa nafasi ya ziada.
- "Second screen only": picha iko kwenye skrini ya nje tu.

Kama chaguo lilikuwa la kwanza, umeshapata jibu. Kama skrini ya nje bado ni nyeusi, bofya kulia kwenye skrini ya laptopu, fungua "Display settings", halafu tafuta "Detect" kwenye sehemu ya skrini nyingi.

Hapa kuna jambo la usalama ambalo wafanyabiashara wengi hawalifikirii. Ukiwa kwenye "Duplicate" na skrini ya pili inatazama wateja, wanaona kila kitu unachofungua: taarifa ya akaunti ya biashara, salio, majina na namba za waliokulipa. Tumia "Extend", na kazi ya pesa ibaki upande wako.

3. Badilisha kebo, na ubadilishe kikweli

Kuchomoa na kuchomeka tena si jaribio kamili. Azima kebo unayojua inafanya kazi, labda ile ya jirani inayotumika sasa hivi kwenye TV yake. Kisha chomeka kebo yako kwenye TV hiyo. Shida ikihamia kwa jirani, mwenye hatia ni kebo. Ikibaki kwako, kebo iko huru.

HDMI ikichoka huwa na dalili zake: vidoadoa vinavyometameta, skrini kuwa nyeusi sekunde mbili tatu kisha kurudi, au picha kukatika ukigusa waya. Kebo ndefu kuliko unavyohitaji huongeza shida, kwa hivyo usinunue ya mita nyingi kwa skrini iliyo hapo mezani.

VGA, ile yenye kichwa cha buluu na skrubu mbili, hueleza shida yake kwa rangi. Rangi nyekundu, kijani na buluu hupita kila moja kwenye pini yake. Ikikosekana buluu, picha nyeupe hugeuka njano. Ikikosekana kijani, hugeuka waridi au zambarau. Ikikosekana nyekundu, unaona buluu-kijani. Chomoa kichwa, angalia kama kuna pini iliyopinda, kisha chomeka na ukaze skrubu zote mbili. Usishtuke ukiona pini moja ya safu ya katikati haipo. Kebo nyingi hutengenezwa hivyo.

Na kama kuna mistari inayotembea polepole kwenye VGA, chomoa chaja ya laptopu kwa dakika moja. Mistari ikipotea, jaribu kuchomeka laptopu na monita kwenye ekstensheni moja. Hiyo ni shida ya umeme, si ya skrini.

4. Picha ina ukungu au kingo zimekatwa

Laptopu nyingi za zamani zina skrini ya nukta 1366 kwa 768, wakati monita ni 1920 kwa 1080. Ukichagua "Duplicate", Windows hutafuta kipimo ambacho skrini zote mbili zinakiweza, na mara nyingi kile kidogo ndicho hushinda. Monita inalazimika kuivuta picha, na maandishi yanakuwa na ukungu. Chagua "Extend" au "Second screen only", kisha kwenye "Display resolution" uchague kile kilichoandikwa "Recommended".

Ukitumia TV kama monita, unaweza kukuta kingo zimekatwa, hata saa iliyo chini ya skrini haionekani. Si laptopu. TV nyingi huikuza picha kidogo. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya TV utafute "Just Scan", "Screen Fit" au jina linalofanana na hayo.

Na kama umeunganisha laptopu ya zamani na TV ya 4K na mshale wa kipanya unajikokota, kumbuka kwamba HDMI ya toleo la 1.4 hubeba picha ya 4K mara 30 kwa sekunde. Toleo la 2.0 hufika 60. Shusha kipimo hadi 1920 kwa 1080 na mwendo utarudi bila kununua chochote.

5. Picha inapepesa, kebo ni nzima

Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Skrini itazima na kuwaka, pengine usikie mlio mfupi. Hapo umewasha upya draiva, yaani programu inayoendesha picha. Kazi uliyofungua haipotei.

Ikiendelea, fungua "Advanced display" ndani ya mipangilio ya skrini, uchague skrini ya nje, na uweke kasi yake iwe 60 Hz.

Kisha piga skrinshoti wakati picha imeharibika na uitazame kwenye simu. Kama mistari iko ndani ya skrinshoti, shida iko upande wa laptopu, mara nyingi draiva. Kama skrinshoti iko safi, angalia kebo, tundu au skrini. Draiva mpya ichukue kwa Windows Update au tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako. Zile tovuti zinazokuahidi kurekebisha draiva zote kwa mbofyo mmoja, achana nazo.

6. USB-C na adapta

Si kila tundu la USB-C hutoa picha. Mengine ni ya chaja na data tu. Tafuta alama ya DisplayPort au ya radi kando ya tundu, au usome maelezo ya modeli yako, kabla ya kununua adapta. La sivyo utalaumu adapta nzima.

Pia adapta nyingi huenda upande mmoja. Ya kutoa picha kwenye HDMI ya laptopu kwenda VGA ya monita haifanyi kazi kinyume. Mwambie muuzaji waziwazi: "Laptopu ina tundu hili, skrini ina lile."

Ukinunua skrini iliyotumika

Kwenye maduka ya Luthuli Avenue na kwingineko, skrini za ex-UK ni nyingi, na zipo nzuri kabisa. Beba laptopu yako na kebo yako. "Boss, naomba uiwashe kwanza niione" si matusi, na muuzaji mzuri hatakasirika.

Fungua ukurasa mweupe wote, kisha mweusi wote, utafute madoa na mistari. Fungua menyu ya monita. Jaribu kila tundu, maana HDMI inaweza kuwa imekufa na VGA inafanya kazi. Iache iwake dakika kumi hivi, kwa sababu kuna skrini zinazoanza kupepesa zikishapata joto. Uliza dhamana ni ya siku ngapi na iandikwe kwenye risiti. Baada ya hapo ndipo utoe simu mfukoni.

Ukifika wakati wa kulipa

Ukishafanya majaribio, mazungumzo na fundi yanabadilika. Badala ya "skrini imegoma", unamwambia: "Nimebadilisha kebo, nimejaribu laptopu nyingine, na mistari inapita hadi kwenye menyu ya monita." Fundi mwaminifu atafurahi kwa sababu umempunguzia kazi. Asiye mwaminifu atajua mapema kwamba hapa hapiti.

Kabla ya kutuma:

- Elewana bei ya kifaa na bei ya kazi kando kando, kwa meseji.
- Lipa kwa till ya biashara kama ipo. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na likiwa tofauti na ulilopewa, simamisha kwanza.
- Hifadhi ujumbe wa malipo pamoja na risiti. Ndio ushahidi wako dhamana ikihitajika.
- Kurudisha pesa kukitokea kosa ni rahisi zaidi ukiomba mapema. Mpokeaji akishazitumia, mambo huwa magumu.

La mwisho, na hili ni zito kuliko skrini yoyote. Mtu akikupigia akisema atarekebisha laptopu kutoka mbali, kisha akuombe usakinishe programu ya kumwingiza ndani, kata simu. Akiwa ndani anaona kila unachofungua. Hata kama ni fundi wako unayemjua, funga akaunti ya biashara na barua pepe kwanza. Usimpe mtu yeyote PIN wala namba ya siri inayotumwa kwa meseji. Hakuna kebo, draiva wala skrini inayohitaji PIN yako ili ifanye kazi.