Kijiji cha Machungwa cha Vakıflı



Safari hii twapenda kuwapa khabari za wakulima wenzetu walio mbali. Kijiji cha Vakıflı kiko Uturuki, katika jimbo la Hatay, penye mteremko wa Musa Dağ, yaani Mlima wa Musa, karibu na Bahari ya Kati. Wenyeji wake ni Waarmeni, na ndicho kijiji pekee cha Waarmeni kilichosalia katika nchi hiyo.

Zamani hapo mlimani palikuwa na vijiji saba vya Waarmeni, wakilima na kufuga wadudu wa hariri. Mwaka 1915 Dola ya Uthmaniya iliwaamuru Waarmeni wahame, na wengi mno wa kabila hilo walikufa. Watu wa Musa Dağ wengi wao walikataa. Walipanda mlimani na chakula na mifugo, wakapigana kwa majuma kadhaa. Walitundika shuka yenye msalaba mwekundu. Manowari za Kifaransa zikaiona, zikawachukua watu zaidi ya 4,000 mpaka Port Said, Misri. Huko walikaa katika mahema hadi 1919, ndipo wakarejea mashambani kwao.

Mwaka 1939 Hatay ilitiwa katika Uturuki. Watu wa vijiji sita, isipokuwa wachache, wakahamia Anjar, Lebanon. Vakıflı ikabaki.

Sisi wakulima wa karafuu twaujua uzito wa jambo hilo. Mkarafuu humngojesha mtu miaka sita au zaidi kabla ya kumpa mavuno, na anayehama hawezi kuubeba.

Leo wakazi wa Vakıflı hawafiki 200. Zao lao kubwa ni machungwa yasiyotiwa dawa wala mbolea ya kiwandani, na wana chama cha ushirika kama sisi. Wanawake hupika jamu wakawauzia wageni. Zilzala ya Februari 2023 iliharibu nyumba nyingi pamoja na kanisa lao, walakini kijiji hakikuhamwa.

Kila Agosti, katika sikukuu ya kubariki zabibu, hupika harisa, ngano na nyama mfano wa bokoboko letu, usiku kucha katika masufuria makubwa saba: moja kwa kila kijiji cha zamani. Vijiji sita wenyewe wamekwenda, lakini masufuria yao yangali motoni.

Basi, ndugu, kabla hatujauza au kuliacha shamba la wazee, tulitembee kwanza, tuihesabu mikarafuu na kukumbuka nani aliyeipanda.

Wassalaam,
Katibu